Mbwa wa boma, malengelenge ya maini na uvimbe wa tumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wafugaji mnadani, machinjioni na kliniki kila ugonjwa wa hidatidi unapotajwa. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi na mifugo na mbwa pamoja, hasa katika maeneo makavu ya Turkana, Karamoja, Umasaini na jirani zake, ambako ugonjwa huu umekaa miaka mingi.

Hidatidi ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa minyoo. Mnyoo wenyewe ni tegu mdogo sana, jina lake la kitaalamu Echinococcus granulosus, anayeishi ndani ya utumbo mwembamba wa mbwa. Urefu wake ni milimita 2 hadi 7, yaani wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele, na mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu. Mayai ya tegu huyu hutoka na kinyesi cha mbwa. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akila majani yaliyochafuliwa, mayai huanguliwa tumboni mwake, kiluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo na kubebwa na damu mpaka kwenye ini au mapafu. Huko hujijengea mfuko wa maji unaokua polepole. Mbwa akila ini hilo, tegu wapya wanaanza maisha tumboni mwake, na safari inarudi mwanzo.

Binadamu hana kazi yoyote katika safari hiyo. Anaingia kwa kumeza mayai bila kujua, na mwilini mwake hufanyika kile kile kilichomfika mbuzi: mfuko wa maji kwenye ini, kwenye mapafu, mara chache kwenye wengu, figo, mfupa au hata ubongo.

Mbwa anaupata wapi?

Kwetu sisi. Jibu hili huwaudhi watu, lakini ndilo la kweli, na ndilo linalotupa nafasi ya kufanya kitu.

Angalia mbuzi anavyochinjwa chini ya mgunga siku ya sherehe. Ngozi imeshavuliwa, utumbo umetolewa, kijana mwenye kisu anashika ini. Juu yake limechomoza lengelenge jeupe la duara. Akilibonyeza linarudi. Akilikata, maji maangavu yanamrukia mkononi, na ndani hubaki utando mweupe wenye chengachenga za mchanga. Kila chenga ni kichwa cha tegu kinachosubiri tumbo la mbwa. Kijana anajua kwamba sehemu ile haifai kuliwa, kwa hiyo anaikata vizuri, anaitupa pembeni na kuendelea na kazi. Mbwa wamekaa pale pale tangu asubuhi. Kabla kipande hakijatulia chini kimeshamezwa.

Baada ya wiki 6 au 7 mbwa huyo anaanza kutoa mayai, na ataendelea kwa miezi mingi.

Ukame nao una sehemu yake. Mifugo inapokufa njiani na kisimani, hakuna mwenye nguvu ya kuzika mizoga, na mbwa hushiba kwa ini na mapafu ya wanyama wazee. Hao wazee ndio wenye mifuko mikubwa, kwa kuwa imekuwa ikikua kwa miaka. Mbweha pia hula mizoga hiyo na anaweza kubeba tegu, ila mbweha halali mlangoni mwa mtu.

Nikila ini lenye malengelenge, nitaugua hidatidi?

Hapana. Kilichomo kwenye lengelenge humwambukiza mbwa na jamaa zake tu. Mtu huambukizwa na mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mbwa. Ndiyo maana kuacha kula maini hakukukingi chochote ikiwa maini hayo hayo unamtupia mbwa anayelala karibu na watoto wako. Ini lenye malengelenge halifai kwa chakula kwa sababu nyingine za usafi, lakini hofu kubwa iwe juu ya mahali linapoishia.

Vilevile ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu kwa mtu. Mgonjwa hahitaji kutengwa, kulala peke yake wala kupewa sahani yake.

Basi mayai yananifikia vipi?

Hayaonekani kwa macho, na yakishatoka tumboni mwa mbwa yako tayari kuambukiza saa hiyo hiyo. Mbwa hujilamba nyuma, kisha hulamba manyoya yake, sufuria, mkono wa mtoto. Mayai hunata kwenye manyoya. Mtu humpapasa mbwa, kisha humega ugali. Mvua ikinyesha huyasomba mpaka kwenye dimbwi la kunywa. Mtoto anayetambaa huyaokota na udongo.

Katika baadhi ya familia za Turkana, ambako maji ya kunawa yalikuwa ni safari ya nusu siku, mbwa alikuwa akiachiwa amsafishe mtoto mchanga baada ya haja, na alambe matapishi yake. Wageni wengi wameliandika jambo hili kwa dharau, na nadhani wamekosea. Mama asiye na maji alitumia kilichokuwepo. Lakini ulimi ule ule ndio uliopaka mayai kwenye ngozi ya mtoto, na mtoto hutia mikono mdomoni. Kwa hiyo bomba la maji karibu na boma ni kinga ya hidatidi kama ilivyo dawa ya mbwa, na anayezungumzia ugonjwa huu bila kuzungumzia maji amesema nusu tu.

Mahali nako kuna maana. Juu ya mchanga mkavu wa jua kali mayai hufa haraka. Kivulini ndani ya kibanda, na kwenye unyevu kando ya kisima, hukaa hai muda mrefu zaidi. Na mbwa, kwa joto la kule, hupenda kulala hapo hapo: kibandani na kisimani. Katika sehemu za baridi na unyevu, kama nyanda za juu za Ngorongoro, malisho yenyewe yanaweza kuhifadhi mayai kwa miezi.

Sisi ni Waislamu na hatushiki mbwa. Tuko salama?

Mna nafuu kubwa, kwa sababu kuosha mara saba alipolamba mbwa na kutomwingiza nyumbani kunaziba njia kadhaa. Lakini mbwa wa kulinda mifugo wapo hata kwa Waborana, Waorma na Wasomali, na kinyesi chao kiko malishoni na kwenye visima vile vile. Anayekamua ngamia aliyelala penye uchafu huo, au anayekunywa maji ya dimbwi bila kuchemsha, anaweza kumeza mayai bila kumgusa mbwa hata siku moja. Chemsheni maji, nawisheni watoto mikono kwa sabuni, na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji mengi safi.

Spiriti au dawa ya kuulia vijidudu itaua mayai?

Hapana. Mayai haya hustahimili spiriti na dawa nyingi za kawaida za kusafishia. Kinachoyaua ni moto, maji yanayochemka na ukavu wa jua. Sabuni na maji mikononi hayayaui. Yanayaondoa, na hilo linatosha.

Kwa nini Turkana hutajwa kila mara?

Kwa sababu ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kuonekana na ugonjwa huu kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Uchunguzi uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikadiria kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya walikuwa takriban 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume, maana wao ndio wanaokaa na mbwa na watoto bomani. Mwaka 1983 shirika la afya la Amref lilianzisha mpango wa kupambana nao: kuwapa mbwa dawa, kuwafundisha watu, kuwapasua wagonjwa.

Jambo moja la mpango ule linastahili kukumbukwa. Wataalamu walibeba mashine ya ultrasound mpaka vijijini, wakawalaza watu chini ya miti na kuwapiga picha za tumbo mmoja mmoja, miaka ya 1980, wakati mashine hizo zilikuwa bado adimu hata mijini. Waligundua wengi waliobeba mifuko ya maji bila dalili yoyote. Sehemu ya ujuzi unaotumika leo duniani wa kuutambua ugonjwa huu kwa picha, na kujua mfuko upi uko hai na upi umekufa, ulipatikana kwa matumbo ya Waturkana. Wanastahili kunufaika nao kuliko mtu yeyote.

Turkana haiko peke yake. Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia wanaishi maisha yanayofanana na wana ugonjwa huo huo. Upande wa Tanzania, wakaguzi wa nyama wilayani Ngorongoro huyakuta malengelenge kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mbwa mwenye tegu hawa anaonekanaje?

Mzima kabisa. Halegei, hakondi, hakohoi. Mbwa mnene mwenye manyoya yanayong'aa anaweza kuwa ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, kwa sababu ndiye anayepata ini kwanza. Usisubiri dalili.

Na mtu je?

Kwa miaka mingi hakuna dalili. Mfuko hukua taratibu, na aliyeambukizwa akiwa mtoto anaweza kugundulika akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Unapofika ukubwa wa kusukuma viungo vingine ndipo huja maumivu au uzito upande wa kulia wa tumbo, kichefuchefu, tumbo kuvimba, pengine macho kuwa ya manjano mfuko ukibana njia ya nyongo. Ukiwa kwenye mapafu huleta kikohozi kisichokwisha, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, na mgonjwa huweza kutibiwa kifua kikuu bure. Mwanamke hudhaniwa ni mjamzito. Kama tumbo linakua, umeishi na mifugo na mbwa, na vipimo vya kawaida havioneshi kitu, mwambie daktari wazi kwamba unatoka eneo la wafugaji na uombe kupigwa picha ya ultrasound, au eksirei ikiwa shida iko kifuani.

Uvimbe unaweza kukandwa au kutobolewa nyumbani?

Usithubutu, na nasema hivi nikiwa na huzuni kwa ajili ya waliofanyiwa. Maji yaliyo ndani yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mzio mkali unaoua mtu kwa dakika chache. Akinusurika, kila chenga iliyomwagika inaweza kuota mfuko mpya, na aliyekuwa na uvimbe mmoja akarudi baada ya miaka akiwa na mingi. Usikande, usichome moto juu yake, usikubali sindano ya mtu asiye na picha ya tumbo mkononi. Mgonjwa aliyepigwa teke na ng'ombe au kuanguka, kisha akavimba mwili, kuwashwa na kuzimia, akimbizwe hospitali.

Hospitali watamfanyia nini?

Inategemea picha. Mfuko ulioanza kufa wenyewe na kuwa mgumu mara nyingi huachwa na kuangaliwa tu kila baada ya muda. Mgonjwa akiambiwa arudi baadaye bila dawa asidhani amepuuzwa. Mifuko midogo iliyo hai hutibiwa kwa albendazoli kwa miezi, na damu hupimwa mara kwa mara kuona ini linavyovumilia dawa. Hii siyo dozi moja ya shuleni ya minyoo. Mingine hutobolewa kwa sindano ndefu chini ya ultrasound: maji yanavutwa, dawa ya kuua vichwa vya tegu inaingizwa, kisha inavutwa tena, huku dawa za kuzuia mzio zikiwa tayari pembeni. Mikubwa na ya hatari hupasuliwa. Mwenye mimba, au anayetarajia, aseme mapema kabla ya kupewa albendazoli.

Mbwa apewe dawa gani, na vipi?

Prazikwanteli. Ni dawa ile ile ambayo watoto wa shule hupewa kwa kichocho, ila ya mbwa huuzwa kwa vidonge vya kipimo chake kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 15 anahitaji miligramu 75, yaani kidonge kimoja na nusu cha miligramu 50. Wafugaji wengi humchoma mbwa ivermectin iliyobaki baada ya kuwachoma ng'ombe, wakiamini wamemaliza minyoo yote. Ivermectin haiui tegu. Soma jina la dawa kwenye pakiti, au mwombe aliyesoma akusomee.

Namna ya kumpa: ficha kidonge ndani ya kipande cha mafuta au ugali na umpe akiwa na njaa. Akikitema, mtu anayemjua amshike kati ya miguu, afungue taya, asukume kidonge nyuma kabisa ya ulimi, afunge mdomo na kumpapasa koo mpaka mbwa ajilambe pua, ndipo ujue amemeza. Mwangalie kidogo baadaye asitapike. Kisha mfunge kamba kwa siku 2 au 3. Hili wengi huliruka, na ni kosa: dawa inaua tegu lakini haiui mayai, na siku hizo kinyesi chake ni kibaya kuliko siku nyingine zote. Kikusanye kwa koleo, ukichome au ukizike shimoni.

Dawa haimkingi na kesho. Akila ini bovu wiki ijayo anaanza upya. Kila wiki 6 ndiyo nafasi nzuri, kwa kuwa tegu wanauawa kabla hawajaanza kutaga. Ikishindikana, kila miezi 3. Na kama unachopata ni mara moja kwa mwaka dawa zinapoletwa na kampeni, ichukue, lakini ujue kwamba kinga yako kubwa ni kutompa viungo vibichi.

Hapa hatuna machinjio, na kuni ni za shida. Viungo vibovu tuvipeleke wapi?

Penye choo cha shimo, tumbukizeni humo. Mbwa hafiki na hakuna gharama. Pasipo choo, chimbeni shimo kabla ya kuchinja, siyo baada, kwa sababu baada ya kuchinja watu wana njaa na hakuna atakayechimba. Liende chini kiasi cha mkono mzima, lifukiwe, lipangwe mawe na miiba juu, maana fisi na mbwa hufukua. Mkiwa na kuni, kuchoma mpaka ibaki majivu ni bora. Mnaotaka mbwa apate chakula, chemsheni ini na mapafu kwa nusu saa au zaidi, vipande vikiwa vidogo, ndipo mmpe. Na siku ya kuchinja, mbwa wafungwe mbali. Kazi hii wapeni vijana wanaokaa na mbwa. Wakielewa sababu, wanaisimamia kuliko wazee.

Si afadhali tuwaue mbwa wote?

Hapana. Mbwa wa boma hubweka fisi na chui wanapokuja usiku, na boma lisilo na mbwa hupoteza mbuzi. Mbwa wakiuawa, mwaka unaofuata wanaletwa watoto wa mbwa kutoka kwa jirani, nao wanatupiwa ini lile lile. Tena operesheni ya kuua hufanya watu wafiche mbwa wao, kisha hata mwenye dawa hakaribishwi tena. Kupunguza idadi kuna maana: hasini madume, msiache majike yazae ovyo, kila mbwa awe na mwenyewe anayejibu kwa ajili yake.

Kuna nchi zilizoumaliza?

Zipo. Iceland ya karne ya 19 ilikuwa nchi maskini ya wafuga kondoo, watu na mbwa wakilala nyumba moja majira ya baridi, na hidatidi ilikuwa imewajaa. Mwaka 1863 mtaalamu wa minyoo kutoka Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kuwachunguza mbwa wao, na mwaka 1864 kikachapishwa kijitabu cha kuwaeleza watu wa kawaida ugonjwa unavyozunguka. Sheria za mbwa zilifuata. Hapakuwa na prazikwanteli wala ultrasound. Watu walijifunza kuharibu viungo vibovu, na ugonjwa ukaisha. Baadaye Tasmania, mwaka 1996, na New Zealand, mwaka 2002, zilitangaza kuushinda baada ya miongo ya kazi. Hivyo vyote ni visiwa vyenye mipaka ya bahari, na mfugaji wa Turkana anahama na mifugo yake kuvuka mipaka ya nchi tatu. Kazi yetu ni ngumu zaidi, na inahitaji serikali zinazoshirikiana.

Kuna chanjo?

Ya kondoo na mbuzi ipo, huitwa EG95, na imetumika China na Argentina. Ya binadamu haipo.

Mbwa hubeba minyoo gani mingine?

Watoto wa mbwa karibu wote huzaliwa na minyoo ya duara ya Toxocara, waliyoipata tumboni mwa mama. Mayai yake huhitaji wiki kadhaa udongoni kabla ya kuambukiza, kisha mtoto anayekula udongo huweza kupata madhara ya ini na hata ya jicho. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, na warudiwe kila baada ya wiki 2 hadi waache kunyonya. Dawa hii siyo prazikwanteli peke yake, muulize afisa mifugo. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya anayetembea pekupeku na kuacha mstari mwekundu unaotambaa na kuwasha sana, hasa kwenye mchanga wenye unyevu. Huko Chad, mnyoo wa Guinea uliokuwa unakaribia kutoweka duniani umeonekana kwa mbwa wengi tangu mwaka 2012, na wenye mbwa huhimizwa kuwafunga wasiingie majini. Kichaa cha mbwa si minyoo. Ni virusi, na chanjo yake kila mwaka ni lazima kivyake.

Mkaguzi wa nyama akilichukua ini langu lote kwa lengelenge moja, ananionea?

Hakuonei. Nyama yako unabaki nayo. Kinachoondoka ni kiungo. Lakini una haki ya kumfuata na kuuliza kinaenda wapi, na ningependa kila mfugaji aulize. Kuna machinjio ambayo ini lililokataliwa hutupwa kwenye shimo lisilo na mfuniko, ua umebomoka, na mbwa wa mji mzima wanajua saa ya kufika. Ukaguzi wa namna hiyo unawalisha mbwa viungo vibovu vilivyochaguliwa tayari. Shimo liwe refu, lenye mfuniko mzito na kufuli, ua usiopitika, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina awe na ufunguo. Kama la kwenu haliko hivyo, lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji na kwa afisa mifugo, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.